Moto Juu, Moto Chini: Mchele wa Rufiji kwenye Sinia la Shughuli

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, husema Waswahili, na aghalabu msemo huu hutumiwa kuusifu ufundi wa mpishi. Ni nadra kuulizwa mchele wenyewe umetoka wapi, nani aliulinda shambani, na ulivuka maji gani hata ukafika jikoni. Historia ya vitafunio vya kuoka vya mwambao, vitamu na vya chumvi, ambavyo huandaliwa pamoja kwenye sinia moja siku ya shughuli, yafaa ianzie hapo. Na kwa Mrima ya kusini na visiwa vinavyoielekea, swali la mchele ni swali la mto Rufiji.

Litazamwe kwanza sinia lenyewe, kabla kawa halijafunikwa. Upande mmoja pana mkate wa kumimina uliokatwa vipande vidogo: mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui zito, ukatiwa hamira, sukari, iliki na ute wa yai, kisha ukaachwa uumuke. Kando yake vimepangwa vileja vya unga wa mchele, samli na sukari, vilivyoshikanishwa kwa kiini cha lile yai ambalo ute wake umekwenda kwenye mkate. Upande wa pili upo mkate wa ufuta, wa ngano na tui, wenye chumvi, nao hukatwa vipande ili mgeni ahame kutoka utamu hadi chumvi na kurudi tena, huku akinywa chai au kahawa. Hakuna kati ya hivi kinachohitaji fundi mkubwa. Msichana aliyekaa jikoni na bibi yake msimu mmoja huvijua vyote.

Wepesi huo umetokana na werevu wa zamani. Nyumba nyingi za mwambao hazikuwa na jiko la kuoka, lakini zilikuwa na makaa na mfuniko. Mkate wa kumimina humiminwa katika sufuria iliyopakwa samli na kupata moto. Huwekwa juu ya makaa machache hata uso wake ukaanza kutoboka vitundu. Hapo ndipo makaa hupaliwa juu ya mfuniko ili uso nao uive na kupata rangi. Mkate wa ufuta hutandazwa kaangoni kwa mkono uliochovywa katika maji ya chumvi, ili ushike chuma. Ukiiva chini, kaango hugeuzwa, uso ukaelekezwa kwenye moto, na ufuta ukatoa harufu inayowajulisha majirani kwamba nyumba hiyo ina shughuli.

Sasa uulizwe ule mchele. Katika karne ya 19, mashamba ya Unguja na Pemba yalipogeuzwa kuwa ya mikarafuu, visiwa vilizidi kutegemea chakula cha ng'ambo. Mchele ulitoka Bara Hindi, na ulitoka pia Mrima. Delta ya Rufiji ilikuwa mojawapo ya maghala hayo. Vyombo vilivyoingia katika mito yake kufuata boriti za mikoko vilipakia pia mpunga. Na Mafia, iliyo mbele ya delta hiyo, ilikuwa na minazi yake. Tui la kisiwani na mchele wa mtoni vilikutana sufuriani kabla watu wengi hawajakutana kwa macho.

Mpunga huo ulilimwa kwa kuusoma mto. Mbegu ilitangulia mvua kubwa, ili mche uwe umerefuka kabla ya mafuriko ya masika kufika bondeni. Furiko la wastani lilileta rutuba. Lililowahi au kuzidi lilizamisha kila kitu. Maji yalipopungua, ardhi yenye unyevu ilipandwa tena, kilimo ambacho Warufiji hukiita mlau. Familia zilihamia katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, zikifukuza ndege mchana, na nguruwe na viboko usiku. Kila kileja kinachomung'unywa kwa dakika moja kina usiku mwingi wa kukesha ndani yake.

Ndiyo maana aliyegusa kazi ya shambani aligusa sinia pia. Utawala wa Kijerumani ulipowalazimisha watu kulima pamba, siku za pamba zilitolewa katika siku za chakula. Mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba hiyo, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa maji ya dawa huko Ngarambe, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo. Njaa iliyofuata vita iliua watu wengi kuliko risasi.

Mkono mwingine ulikuja kwa nia tofauti. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha wakazi wa bondeni hadi vijiji vya ujamaa kwenye mwinuko. Walipata kuwa karibu na shule, zahanati na barabara. Lakini shamba likawa mbali, na dungu likawa safari. Ikwiriri ya leo, mji wa barabarani wenye soko, imebeba alama ya mabadiliko hayo. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, na kungoja kivuko cha Ndundu kukakoma. Mchele wa mikoa mingine nao ukapata njia rahisi ya kufika dukani.

Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji, na mto uliokuwa ukisomwa kwa masika ukapata lango. Hata hivyo, mwezi Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Mkulima wa bondeni amebaki na elimu ya mababu juu ya mto ambao hauna tena tabia ile ile.

Mkate wa kumimina hautakufa kwa hilo. Mchele wowote husagika, na umeme umekwisha kuingia majikoni. Kitakachoweza kupotea ni ile nusu ya kwanza ya msemo. Mapishi yatazidi kuwa mbalimbali, ilhali mchele ule mmoja, uliojua kushindana kimo na maji, haupandwi ila na anayejua siku ya kuupanda. Bibi wa Ikwiriri anayepalia makaa juu ya mfuniko, wajukuu wakingoja vipande vya pembeni, ana elimu mbili: ya sufuria na ya bonde. Ya kwanza mjukuu huipokea jikoni kwa msimu mmoja. Ya pili haina jiko. Yataka shamba, dungu, na mto.