Waabaayo: Sumu ya Mshale na Somo la Muundo wa Molekuli

Ukivuka kutoka visiwa vya Koyama na Chovai hadi Kismayu, kisha ukaendelea bara, unafika katika nchi ya wafugaji na wawindaji. Wawindaji walichemsha miti ya jamii ya Acokanthera na kupaka sumu yake kwenye mishale. Wasomali huiita waabaayo. Neno hilo ndilo lililozaa jina linalotumiwa na wanakemia duniani kote: ouabaini.

Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliitenga sumu hiyo ikiwa fuwele safi. Molekuli yake moja ina kaboni 29, hidrojeni 44 na oksijeni 12. Lakini hesabu hiyo haitoshi. Orodha ya mbao na kamba haikuambii kama kilichoundwa ni mtepe au kitanda. Ilipita miaka 54 kabla ya Mannich na Siewert kutoa mchoro wa muundo wake, mwaka 1942, baada ya kuitenga sukari iliyoshikamana nayo na kuchunguza sehemu iliyobaki.

Siku hizi kazi hiyo husaidiwa na spektra ya NMR. Molekuli huwekwa ndani ya sumaku kali, hupigwa mawimbi ya redio, na kila kaboni hujibu mahali pake. Mashine hiyo ni ghali na sumaku yake hupozwa kwa heliamu, kwa hiyo si kila chuo kinaimudu. Kwa sisi watoto wa Wabajuni, ambao jamaa zetu walitawanywa hadi Mombasa na Malindi na vita vya 1991, chuo chenye mashine hiyo kiko mbali zaidi. Ndiyo maana naona programu za kukisia spektra zina thamani kubwa kwetu.

Fikra ya kuipa kompyuta kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1965 Feigenbaum na Lederberg walianzisha DENDRAL huko Stanford, ili kompyuta ipendekeze miundo inayolingana na spektra za masi. Programu za leo huenda upande wa pili pia: mwanafunzi anachora muundo, nazo zinakisia spektra kwa kulinganisha majirani wa kila atomu na molekuli zilizokwisha kupimwa.

Nilipochora ouabaini, nilijifunza kuuliza kwa nini kaboni moja imesogea mbali na nyingine. Lakini programu nyingi hutazama majirani tu, hazijali sana mwelekeo. Geuza kundi moja la oksijeni na hidrojeni kutoka juu kwenda chini, na huenda makisio yasibadilike, ilhali molekuli hiyo si ile tena.

Kwa hiyo mwalimu aitumie programu kufundisha maswali, kisha ampe mwanafunzi spektra iliyopimwa kweli ailinganishe nayo. Wawindaji wa bara ya Kismayu nao hawakuiamini sumu kwa rangi yake. Waliijua kwa kuijaribu.