Reli ya karanga na chaji ya jua

Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 uliifanya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, itegemee pwani kwa matrekta, vipuri na mafuta. Reli ikajengwa kutoka bandarini. Mradi ukavunjwa 1951, reli ikafungwa 1962. Mbishi atasema reli iliuawa na karanga kutostawi, wala si mafuta. Kweli, lakini hapo ndipo hoja yangu ilipo: nishati inayoletwa kwa shehena huondoka na shehena. Paneli za jua za kuchajia bodaboda za umeme, na kesho pengine ndege ndogo, haziisubiri bandari. Lakini betri bado huagizwa, nacho kinywe (grafiti) cha Ruangwa, wilaya jirani, madini ya betri hizo hizo, huchimbwa kwa ajili ya soko la nje.