Mzungu Amekualika Italia? Soma Hii Kwanza Kabla Utoke Mambrui

Msee, hii stori kama haijakupata wewe, imempata beshte yako. Muitaliano amekaa mwezi mzima Malindi, mmezoeana, umempeleka Mambrui kuona mji wa zamani, mmekula viazi vya karai pamoja. Siku ya kurudi kwao anakushow, "Agosti njoo Italia, nitakuandikia barua." Hapo hapo kichwani ushafika Milano. Tulia kwanza. Hiyo barua ni karatasi moja tu kwa faili ya karatasi nyingi, na wasee wengi wanaangukia hapo.

Yeye akitaka kuja kwetu, tangu Januari 2024 anajaza eTA kwa simu akiwa kitandani, analipa kama dola 30, na kwa siku tatu hivi jibu limetoka. Sisi lazima tupigwe alama za vidole Nairobi kwanza. Inauma, hasa ukikumbuka jamaa walianza kurusha setilaiti hapo Ngomeni tangu 1967. Lakini ofisa wa visa hatakuuliza mambo ya Ngomeni, kwa hivyo twende kwa kile atakachouliza.

Unachoomba ni visa ya Schengen ya matembezi. Inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa nchi 29 za Ulaya. Uingereza haimo, usijaribu kupitia huko kumsalimia binamu. Siku halisi zako ni zile zimeandikwa kwa visa. Ukipewa 20, ni 20, hata kama mwenyeji wako anasema "hakuna shida, kaa tu."

Pasipoti ndiyo mwanzo. Unaanzia eCitizen, ile ndogo ya kurasa 34 ni KSh 7,550, halafu unaenda Uhamiaji na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na nakala za vitambulisho vya wazazi. Kama cheti chako kina jina la "Mohamed" na kitambulisho kinasema "Muhamed", rekebisha saa hii, si wiki ya safari. Kwa visa, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu.

Visa yenyewe ni yuro 90 kwa mtu mzima, na kituo cha kupokea maombi kinaongeza ada yake juu. Ukinyimwa, hiyo doh hairudi. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15, lakini wanaweza kuvuta hadi 45. Kwa hivyo kama unalenga Agosti, Aprili uwe ushabuk siku yako. Alama za vidole zikishachukuliwa wanaweza kuzitumia tena kwa miezi 59, so mara ya pili inakuwa rahisi kidogo.

Sasa barua. Mwenyeji anajaza fomu ya mwaliko, wenyewe wanaiita lettera d'invito, anaweka sahihi na nakala ya kitambulisho chake. Aandike utalala wapi, kuanzia lini hadi lini, na mnajuana vipi. Msidanganye hapo. Kama ni mpenzi wako, sema ni mpenzi. Ofisa akiuliza na wewe unasema "ni rafiki wa kibiashara" huku fomu inasema kitu kingine, imeisha. Ukifika, yeye pia ana kazi: sheria ya Italia inamtaka aripoti kwa polisi ndani ya saa 48 kwamba amekukaribisha. Mkumbushe mapema, wengi wao hawajui.

Bima ya safari ni lazima, isiyopungua yuro 30,000, ifanye kazi Schengen yote. Tiketi usinunue bado. Buking ya kwenda na kurudi inatosha, maana ukinunua na unyimwe utalia mara mbili.

Pesa ya matumizi Italia wameiweka kwa jedwali tangu 2000. Ukikaa zaidi ya siku 20 peke yako, ni yuro 206.58 halafu 27.89 kwa kila siku. Mwezi mmoja inafika yuro 1,043, karibu laki moja na nusu za kwetu. Kama huna, mwenyeji anaweza kuweka dhamana ya benki kule kwao. Usikope laki mbili kwa mjomba uzitupe kwa akaunti siku mbili kabla. Ofisa anasoma taarifa ya miezi kadhaa, na pesa iliyoshuka ghafla kutoka mbinguni anaiona haraka.

Manze, hapa ndipo ngori ilipo. Swali kubwa la ofisa ni moja: huyu atarudi? Msee wa ofisi Nairobi anaonyesha pei slipu na barua ya likizo, kwisha. Wewe unafanya boda, unavua, unafunza kaiti ama unatembeza wageni. Shamba la babu lipo lakini hati haijawahi kutoka, unajua mambo ya ardhi Pwani. Hiyo haimaanishi huna maisha, inamaanisha maisha yako hayajaandikwa. Yaandike. Toa taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima kupitia *334#. Weka leseni ya biashara ya kaunti, kadi ya uanachama wa BMU kama ni mvuvi, PIN ya KRA na ritani zako, barua ya chuo, cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Anza mwaka mmoja kabla kama inawezekana, pesa ya kazi ipitie kwa till yako badala ya mfukoni.

Ajenti akikuambia ana "mtu wa ndani" na atakutengenezea barua ya kazi, hepa. Hati feki ikishikwa, rekodi inaingia kwa mfumo wa VIS ambao balozi zote za Schengen zinausoma. Na ukinyimwa kihalali, utapewa sababu kwa maandishi. Una siku 60 za kukata rufaa mahakamani Roma, lakini wakili ni gharama. Mara nyingi ni afadhali urekebishe kile walichotaja na uombe upya.

Ukipata visa, kazi huruhusiwi, hata ya kuosha vyombo kwa hoteli ya rafiki yake. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo wa EES unaohesabu siku zako kwa kompyuta, ule mchezo wa muhuri uliofifia unaisha. Ukizidisha siku unaweza kufungiwa usirudi.

Na hii ni kwa madada zaidi, ingawa mabro pia: pasipoti ikae na wewe, si kwa droo ya mwenyeji. Tiketi ya kurudi iwe kwa jina lako na kwa simu yako. Mambo yakigeuka na anakufungia ama anakulazimisha kitu, 112 ni polisi, 1522 ni ya wanaopigwa nyumbani, na 800 290 290 ni ya waliosafirishwa kwa ulaghai, bure. Ubalozi wa Kenya uko Roma. Ziandike kwa karatasi, kwa sababu simu huwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Begi sasa. Nyama na maziwa hairuhusiwi kuingia Ulaya, hata kama mathe ameikausha vizuri. Nazi, ndizi, nanasi na tende ni sawa. Embe ngowe bila cheti cha afya ya mimea itabaki kwa kastamu, kwa hivyo imalize ukiwa bado kwa basi.