Kipanga, Korongo, na Wasio na Majina

Dunga, saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimekalia mtumbwi uliopinduliwa, nangoja samaki wangu akaangwe, ndege ya Nairobi ikapita mbali juu ya ziwa ikishuka kuelekea uwanja wa Kisumu. Mzee aliyekuwa anashona nyavu kando yangu hakuinua hata kichwa.

"Zamani zilikuwa zinatua hapa majini," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ni zile stori za ufuoni ambazo samaki huongezeka kilo kila zikisimuliwa. Yeye hakucheka. "Wewe si una simu? Tafuta."

Nikatafuta. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina tena ile nywila ya kusoma majarida bure, lakini ukiwa na bando na subira unafika mbali. Mzee alikuwa sahihi. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kuleta hapa ndege za Short Calcutta, zenye tumbo kama la mashua, zikitokea Khartoum. Mwaka 1937 zikaja kubwa zaidi, na mtu angeweza kupanda Southampton, akanyoosha miguu Kisumu, kisha akaendelea mpaka Durban. Hizo zilikuwa za abiria na barua. Lakini katika kuchimba nikaangukia ndege nyingine za majini, za zamani zaidi, za vita. Hizo ndizo zimeninyima usingizi.

Mwaka 1914 ndege kama chombo ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja tu. Waingereza walikuwa na kikosi kimoja cha anga tangu 1912, chenye tawi la jeshi la nchi kavu na tawi la wanamaji. Wanamaji hawakupenda kugawana. Tarehe 1 Julai 1914 tawi lao likasimama peke yake, kwa jina Royal Naval Air Service, chini ya Admiralty, ofisi kuu ya jeshi la majini. Vita vilipoanza mwezi uliofuata, kikosi hicho kilikuwa na ndege 93 na watu kama 700 hivi. Kazi yao ilikuwa kulinda pwani, kusaka nyambizi, na kuwa macho ya meli. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaleta kwetu.

Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar. Kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu maji yalikuwa mafupi, na kutoka baharini huoni kitu ila miti. Walihitaji mtu wa kutazama kutoka juu.

Mtu wa kwanza alikuwa raia, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ya Curtiss kule Durban. Wakamkodi, wakampa cheo, wakaipakia ndege melini hadi kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia. Rejeta ya injini ikagoma. Unajua iliyotumika badala yake? Rejeta ya gari la Ford, iliyoletwa kutoka Mombasa. Niliposoma hapo nikawakumbuka mafundi wetu wa Jua Kali, nikasema kumbe hii akili ni ya zamani. Cutler aliiona Königsberg mwezi Novemba. Desemba injini ikamzimikia akiwa angani, akaanguka, Wajerumani wakamkamata.

Mwanzoni mwa 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith chini ya rubani John Cull. Joto la pwani likazishinda: gundi iliyoshikilia mbao ikaanza kuachia, na mara nyingi hazikuweza hata kujinyanyua majini. Zikafuata za Short, zenye maboya badala ya magurudumu. Hizo ziliruka na kupiga picha, ila hazikupanda juu vya kutosha. Mwishowe, Juni 1915, zikaletwa Caudron mbili na Henri Farman mbili, ndege za magurudumu, na uwanja ukafyekwa kisiwani Mafia. Yaani kikosi cha ndege za wanamaji kilikuja kufaulu kilipoyaacha maji.

Tarehe 11 Julai 1915, meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kufyatua makombora bila kuona zinachopiga. Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu, wakiwatumia ishara za redio: fupi, ndefu, kushoto, kulia. Ndege yao ikapigwa. Wakatuma ujumbe kwamba wamepigwa na waletewe boti, lakini huku wanashuka bado wakawa wanarekebisha shabaha. Wakaangukia mtoni, Mersey ikawaokoa. Königsberg ikaishia hapo hapo. Mizinga yake iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watalii wanapiga nao selfi.

Sasa rudi Kisumu, mwezi ule ule wa Juni 1915. Ziwa letu pia lilikuwa na jeshi lake la majini, kama unaweza kuliita hivyo. Meli za mizigo na abiria, zilizoletwa vipande vipande kwa bahari na reli kisha zikaunganishwa hapa Kisumu, zilifungwa mizinga. Winifred, Nyanza, Usoga, Rusinga. Zikapakia wanajeshi hapa zikawapeleka kushambulia Bukoba, ambako walibomoa mnara wa redio wa Wajerumani. Ndege chache zilizokuwepo ziliwekwa kule kwenye shabaha kubwa, Rufiji. Ziwa Tanganyika ndilo lililopata zake mwaka uliofuata, Wabelgiji walipopewa ndege za Short na Waingereza, wakazirusha kudondosha mabomu Kigoma.

Ukisoma haya yote utagundua kitu. Tunajua jina la rubani na jina la kila meli. Tunajua rejeta ilikuwa ya Ford. Lakini uwanja wa Mafia haukujifyeka. Petroli, mabomu na maboya havikupanda ufuoni vyenyewe. Na wale wa Kigoma, ndege zao zilifikaje katikati ya bara? Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa kichwani na mabegani. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni hapa ilipitisha sheria ya kuwachukua wanaume kwa lazima kuwa wapagazi wa Carrier Corps, na Nyanza ilitoa wengi sana. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Tumebaki na Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar, ambamo tunanunua vikapu na mitumba bila kuwaza.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, waliokufa katika vita vile hawakuandikwa kwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati.

Kuna sehemu ya pili inayoniudhi zaidi. Mwaka 1918 kikosi kile kiliunganishwa na kile cha nchi kavu kuunda RAF. Wanamaji walisubiri hadi 1939 kurudishiwa ndege zao kikamilifu, sasa zikiitwa Fleet Air Arm. Mwaka 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, meli za Waingereza zilihamia Kilindini, na ndege zao zikahitaji vituo vya nchi kavu. Kwa desturi ya jeshi hilo, hata kambi ya nchi kavu hupewa jina kama meli. Basi kituo cha Port Reitz, pale penye uwanja wa Moi leo, kikaitwa HMS Kipanga. Karakana ya kutengeneza ndege Nairobi ikawa HMS Korongo. Kituo cha Tanga kikawa HMS Kilele.

Mara ya kwanza nilifurahi kuyaona. Kiswahili kwenye orodha ya jeshi la Mfalme! Kisha furaha ikaniisha. Kumbe walijua kuuliza: huyu ndege mnamwitaje? Hawakushindwa kuandika neno la Kiafrika. Kipanga wakakiandika vizuri, herufi zote zimekaa. Aliyembebea Kipanga petroli ndiye hakuulizwa.

Nilirudi Dunga wiki iliyofuata kumwambia mzee kwamba alisema kweli. Nikamsomea kutoka kwenye simu: Calcutta, Rufiji, Bukoba, Kariokor. Hapo kwenye Kariokor akaiweka sindano chini.

"Kaka yake babu yangu alienda hiyo," akasema. "Hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema alizikwa wapi."

Nikamuuliza kama kuna karatasi yoyote, namba, medali, chochote. Akatikisa kichwa.

"Lakini jina lipo, nyathina. Alikuwa anamjia bibi yangu ndotoni nilipozaliwa. Ndiyo wakanipa mimi."

Akanitajia. Ni lake na la yule mwenzake, kwa hivyo siliweki hapa. Ila ukifika Dunga jioni, tafuta mzee anayeshona nyavu upande wa kushoto wa vibanda vya samaki, umwamkue vizuri, umuulize jina.