Kushuka Ziwani: Historia ya Wageni wa Baraka na Swali la Miti



Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, simu yangu haipumziki. Wananipigia watu tuliosoma pamoja, wananipigia binamu zangu wa Walungu, hata mwalimu wangu mmoja wa zamani. Wote wanauliza: "Huko chini kuko mashamba? Mutu anaweza kushuka na familia?" Ninajibu kwamba kuko. Kisha wanauliza habari za joto, za malaria, na mbegu gani wabebe. Hayo ni maswali mazuri. Lakini mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo sisi wa nyumbani kwetu tulichelewa kuliuliza kwa miaka minne: nikipewa shamba, nitaruhusiwa kupanda nini?

Naomba nilieleze swali hilo kwa njia ya historia, maana bila historia linaonekana dogo.

Kwanza, joto lenyewe. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 hivi juu ya bahari, na Tanganyika kwenye mita 770 na kidogo. Walungu iko juu zaidi ya Bukavu. Kila ukishuka mita 100, joto linaongezeka kwa zaidi ya nusu ya digrii. Kwa hiyo mtu anayetoka Walungu, akapita Nyangezi, akateremka Ngomo mpaka Kamanyola, akakata bonde la Ruzizi mpaka Uvira, akafuata ziwa kupitia Makobola na Mboko mpaka Baraka, ameingia katika nchi yenye digrii 5 hivi zaidi. Hajatoka nje ya Kivu Kusini, lakini kwa mmea amehama dunia.

Sisi tulishuka mwaka 2005, mimi nikiwa na miaka tisa. Kule juu usiku ulikuwa umeharibika. Watu walilala porini kwa sababu ya wenye silaha waliotoka msituni. Baba alibeba magunia mawili: moja la maharagwe yale ya kupanda kwenye vijiti, lingine la mbegu za viazi. Maharagwe yaliota vizuri sana. Yalipanda vijiti, yakafunika shamba kwa majani, yakatoa maua, na maua yakaanguka yote. Jirani yetu, mama mmoja Mubembe, alikuja akatazama, akacheka, akasema: "Hii maharagi yenu imekumbuka kwao." Viazi navyo vilitoa majani mengi na chini vikawa kama goroli. Miaka mingi baadaye, darasani, ndipo niliposoma kwamba usiku wa joto unaua chavua ya maharagwe, na udongo wa moto unazuia kiazi kunenepa. Yule mama hakuwa amesoma hayo, lakini alijua.

Hilo ni tatizo la mbegu, na tatizo la mbegu linatatuliwa kwa msimu mmoja au miwili. Tulijifunza muhogo, mahindi, karanga. Mama alijifunza kupika sombe na mawese ya hapa. Tatizo lililobaki lilikuwa la ardhi.

Ili kulielewa, kumbuka tulikotoka. Bushi ni nchi ya bami: Kabare, Ngweshe na wengine. Kule shamba lina njia inayojulikana. Unatoa kalinzi kwa mwami au kwa mkubwa wake, na ardhi inakuwa mkononi mwako na mwa watoto wako. Kama huna cha kutoa, unachukua bwasa, yaani unaazima kwa msimu, unavuna, unarudisha. Mwenye kalinzi anapanda migomba na kahawa. Mwenye bwasa hapandi mti. Hata mtoto wa Kishi anajua tofauti hiyo.

Halafu wakoloni walikuja. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, CNKi, ambayo ilipewa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana ya Kivu na kuwagawia wazungu. Vilima vizuri vya Bushi vikawa mashamba ya kahawa, chai na kinkina. Watu walizidi, ardhi ilipungua. Ndipo Bashi wengi wakaanza kushuka: wengine bonde la Ruzizi kulima pamba, wengine kiwanda cha sukari cha Kiliba, na baadaye wengine mpaka huku Fizi, katika biashara na katika machimbo ya dhahabu ya Misisi. Kwa hiyo baba yangu hakuwa wa kwanza. Alifuata njia iliyokanyagwa.

Lakini alipofika, alifanya kosa la watu wetu wote: alitafuta mwami. Aliuliza huku na huku, "Mwami wa hapa anakaa wapi?" ili atoe kalinzi. Sasa Fizi haikujengwa hivyo. Tazama hata serikali ilivyoigawa: teritwari ya Fizi ina sekta nne, Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, haina chefferie kama Kabare au Ngweshe. Kwa Babembe ardhi iko mikononi mwa koo na wazee wao. Mzee mmoja upande wa mto Mutambala alimjibu baba hivi, na maneno haya yamerudiwa sana nyumbani kwetu: "Mwami? Huku hakuna mwami, muzee. Kuko sisi. Chukua hapa, ulime. Ulime muhogo, ulime mahindi, ulime karanga. Lakini ngazi, hapana."

Ngazi ndiyo michikichi. Baba alitoa kuku wawili na pombe, mzee akapokea, wakanywa pamoja. Baba akarudi nyumbani akasema tumepata shamba. Kichwani mwake alikuwa ametoa kalinzi. Kichwani mwa mzee, baba alikuwa amechukua bwasa, ingawa neno hilo mzee hakulijua.

Mwaka uliofuata, 2006, baba alipanda michikichi arobaini hivi.

Simtetei. Alisikia "hapana" na bado alipanda. Lakini nataka muelewe alichokuwa anafanya. Mtu aliyefukuzwa kwao anataka kitu kitakachokuwa hai baada yake. Muhogo unang'olewa baada ya mwaka, unabaki huna alama. Mchikichi unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na unaendelea kuzaa miaka ishirini na zaidi. Kupanda mchikichi ni kusema: mimi sirudi. Ndiyo maana mzee alikataa, na ndiyo maana baba alipanda. Wote wawili walijua mti ni nini.

Yule mzee alifariki mwaka uliofuata, na pamoja naye likaondoka sikio pekee lililosikia makubaliano.

Hapa inabidi niseme kuhusu mwambao wenyewe, maana watu wa kaskazini wanafikiri wamekuta wenyeji ambao walikuwa hapa tangu uumbaji. Historia haisemi hivyo. Babembe wenyewe wanasimulia kwamba walitoka upande wa magharibi, kwenye misitu, wakapita milima ya Itombwe, wakateremka kidogo kidogo mpaka ziwani, ambako walikuta wavuvi: Basanze, Bazoba, Babwari. Burton na Speke walipopita mwaka 1858 wakielekea Uvira kutoka Ujiji, walikuta Ubwari ina watu wake. Kutoka ng'ambo walikuja Waungwana na biashara yao, ya pembe na ya watumwa, wakaacha Uislamu na hii lugha ninayoiandikia. Mwaka 1880 Mapadre Weupe walifungua misheni katika nchi ya Masanze, mwambao huu huu. Na kila kiangazi wafugaji Banyamulenge wa milima ya juu wamekuwa wakishusha ng'ombe kutafuta majani upande wa Ngandja na Lulenge. Nani basi hakushuka?

Lakini hapo tusikimbilie kusema "sote ni wageni, basi ardhi ni ya wote." Nimesikia wenzetu wa kaskazini wakisema hivyo na naona ni uongo wenye sura ya ukweli. Kwa sababu watu wa hapa wana historia nyingine ambayo sisi hatuna: historia ya kuondoka. Mwaka 1965, wakati wa uasi wa Simba, mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa mashua mwishoni mwa Septemba, na watu wakatawanyika milimani na ng'ambo. Vita vya 1996 viliwatoa tena, safari hii kwa maelfu, mpaka kambi ya Nyarugusu huko Tanzania. Mashamba yalibaki. Mtu aliyekimbia kwa mashua usiku hakuuza shamba, wala hakulitupa. Aliliacha.

Mnamo Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Yaani mwaka ule ule sisi tuliposhuka kwa barabara, wenye mashamba walianza kurudi kwa maji.

Mwaka 2009 alifika mama mmoja nyumbani kwetu pamoja na kaka yake mdogo na watoto wawili. Alikuwa ametoka Nyarugusu. Hakupiga kelele. Alisema: "Ile shamba muko nayo ni ya baba yangu. Mimi nilizaliwa pale mbele ya vita. Muzee aliwapatia juu alikuwa analinda." Kisha akauliza: "Lakini ngazi, nani alipanda?" Baba hakujibu. Mikungu ya kwanza ilikuwa imeanza kuiva.

Wazee wa ukoo walikaa siku mbili. Baba alileta hoja yake ya kuku wawili na pombe. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia kuku wale walikuwa asante, si bei. Uamuzi ulikuwa hivi: shamba ni la yule mama. Michikichi inafuata shamba. Muhogo ni wetu mpaka tung'oe wote. Na kwa sababu ya jasho la baba, kwa miaka miwili theluthi moja ya ngazi itakuja kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na ndimi niliyekuwa natumwa kwenda kuchukua ile theluthi. Nilikuwa naona aibu njia nzima.

Baba alikasirika karibu mwaka mmoja. Alisema wametuibia. Leo mimi nasema hapana, na nilimwambia hata yeye kabla hajafariki. Walituhukumu kwa sheria ile ile ambayo tungemhukumu nayo Mubembe aliyeazima shamba Walungu akapanda migomba. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba sheria ya kwetu tumeiacha kule juu na baridi.

Msimu uliofuata, yule mama alituazima kipande kingine, kidogo, karibu na maji. Alirudia maneno ya mzee bila kubadilisha: muhogo, mahindi, karanga. Mama yangu analima pale mpaka leo.

Ninyi mtaniuliza: sheria ya serikali inasemaje? Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Taifa. Kuhusu ardhi za kimila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais itaeleza haki za wanaozitumia. Miongo ilipita amri hiyo haijatoka. Kwa hiyo kijijini watu walibaki na maneno ya wazee, na maneno ya wazee yanakufa pamoja na wazee.

Na tusidhani jambo hili ni la zamani. Mimi nina lisansi ya agronomia. Darasani nilifundishwa, na kazini nafundisha, kwamba mteremko bila miti unapoteza udongo, kwamba mti wa kunde unarudisha rutuba. Mashirika yanakuja na miche, yanaigawa kwa wakulima, yanapiga picha, yanaondoka. Baada ya mwaka miche imekauka nyuma ya nyumba. Wanaandika kwenye ripoti kwamba wakulima hawajahamasishwa. Hapana, bwana. Wengi wa wakulima wale wameazima. Anayeazima hana ruhusa ya kupanda mti, na hawezi kumwambia mgeni mwenye gari kwamba hana ruhusa. Shamba la mama yangu mwenyewe, mama wa agronomu, halina mti hata mmoja.

Kwa hiyo wale mnaoshuka sasa, nawaambia haya. Leteni chandarua, chemsheni maji kwa sababu ya kipindupindu, acheni viazi kule juu. Tafuteni vipando vya muhogo unaovumilia mozaiki, kama Sawasawa. Lakini mkipewa shamba, msiulize "bei gani" kabla ya kuuliza: lilikuwa la nani mbele ya vita, na yuko wapi sasa? Naweza kupanda nini, na kwa muda gani? Ukifa wewe uliyenipa, nitamwendea nani? Yaandikeni majibu kwenye karatasi tatu, mashahidi watie vidole: moja yako, moja ya mwenye shamba, moja ya shefu wa kijiji. Haitakuwa hati ya serikali. Ila karatasi haifi pamoja na mzee.

Na ninyi wenzangu wa hapa Fizi, ninawaomba jambo moja. Hao wanaokuja wana hofu ile ile mliyokuwa nayo Nyarugusu, ambako nanyi mlilima kwenye udongo wa kuazima. Mnaweza kukataa michikichi. Ni haki yenu. Lakini mti wa miaka mitatu wa kurudisha rutuba, uliokubaliwa na kuandikwa kwamba ukikatwa haudai chochote, huo tunaweza kuujadili. Nimeanza kuzungumza na yule mama wa Nyarugusu kuhusu ukingo wa shamba tunalolima. Hajakubali. Hajakataa pia. Amesema nirudi baada ya mvua.

Walioko Uvira, Kalemie au Bukavu, andikeni: kwenu anayeazima shamba anaruhusiwa kupanda nini?