Kisima na Shimo: Majitaka katika Pwani ya Wabajuni



Tuanze na jina la mji. Wengi husimulia kwamba Kismayo, bandari iliyo kusini mwa Somalia, imeitwa kwa maneno mawili ya Kiswahili: kisima na yuu. Katika lahaja za kaskazini, Kibajuni kikiwemo, "yuu" ndiyo "juu" ya Kiswahili sanifu. Basi mji huo haukupewa jina la mfalme wala la vita, bali la maji ya kunywa.

Kusini mwake vimejipanga visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Neville Chittick, aliyechapisha ripoti ya uchunguzi wake wa pwani hiyo mwaka 1969, alieleza magofu ya kale yaliyopo huko. Watu wameishi visiwani kwa karne nyingi, ilhali hakuna mto hata mmoja. Tegemeo lao ni kisima na mvua. Upande wa Kenya, Ndau na Kiunga, maji ya mvua hukingwa katika birika kubwa liitwalo jabia.

Sasa iangalie ardhi yenyewe. Mwamba wa matumbawe una matundu kama sifongo. Mvua hupenya ndani yake, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi. Tabaka hilo jembamba ndilo linalolisha kisima. Lakini mwamba unaopitisha mvua hupitisha pia majitaka, yaani maji yaliyokwisha kutumika chooni, bafuni na jikoni. Mchanga huchuja uchafu polepole. Mwamba wenye nyufa hauchuji. Shimo la choo likichimbwa karibu na kisima, kilichomwagwa jana hurudi leo ndani ya ndoo.

Mababu hawakuwa wachafu. Katika magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, utaona vyoo vya shimo vilivyojengwa kwa mawe ndani ya nyumba, na visima vilevile. Kilichokosekana ni elimu ya kisichoonekana kwa macho. Elimu hiyo ilikosekana hata London, ambako mwaka 1854 daktari John Snow alihusisha vifo vya kipindupindu na pampu moja ya mtaa. Baadaye ikabainika kuwa shimo la majitaka lilikuwa hatua chache tu kutoka kisima chake. Miaka 15 baadaye, mwaka 1869 hadi 1870, kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akaleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi ya Chemchem.

Usidhani hayo yamepita. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwafukuza Wabajuni wengi hadi Kenya, na baadaye Kismayo ikapokea maelfu ya wakimbizi wa ndani. Mwaka 2017 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 1,000 nchini Somalia, na Kismayo ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kupewa chanjo.

Chanjo huokoa maisha, lakini haihamishi shimo. Mji mdogo hauhitaji mtambo mkubwa ili uanze. Unahitaji tangi lililosakafiwa lisivuje, ambamo tope hutuama chini. Maji yanayobaki yapitishwe katika kitalu cha changarawe na matete kabla ya kuachiliwa. Na tope lizolewe kwa wakati. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, hutaka choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na mbali zaidi pale penye mwamba wenye nyufa.

Hapo ndipo uraia unapoingia, mwanafunzi wangu. Ukuta wa ua huishia juu ya ardhi. Chini yake hakuna changu wala chako. Nani basi aamue mahali pa kuchimba: mwenye nyumba peke yake, au wote wanaokunywa?

Kabla hujajibu, pima kwa hatua umbali kati ya choo cha kwenu na kisima kilicho karibu.