Baiskeli ya Umeme na Siha ya Wazee

Wenye kuandika tarikhi ya vyombo vya safari aghalabu huianza na hati ya serikali, na kwa baiskeli ya umeme hati hiyo ni ya Ogden Bolton wa mji wa Canton, katika Ohio ya Marekani, aliyepewa haki ya uvumbuzi siku ya mwisho ya mwaka 1895 kwa kuweka mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha Gazelle cha Uholanzi, kwa kushirikiana na Philips, nacho kilijaribu. Lakini betri za zama zile zilikuwa nzito mno kwa nguvu haba zilizotoa, na biashara ikafifia. Nayapita haya upesi, kwa kuwa hayakumfaa kitu mtu mzima ambaye magoti yamekwisha kumlemea na pumzi imempungua, naye ndiye niliyemkusudia.

Tarikhi ya mzee huyo yaanza Japani mwaka 1993, pale kampuni ya Yamaha, yenye makao katika mji wa Iwata, ilipotoa sokoni baiskeli iliyoitwa PAS. Sharia ya barabara ya nchi ile ilikuwa imekwisha kuamua zamani kwamba chombo chenye mota ya kukiendesha huhesabiwa pikipiki ndogo, na mwenye kukipanda hana budi awe na leseni na kofia ngumu; nayo masharti hayo, kwa bibi aendaye sokoni au mstaafu aendaye kumzuru mjukuu wake, yalikuwa sawasawa na kufungiwa mlango. Basi mafundi wa Iwata wakatia katika mhimili wa pedali kipimo chenye kuhisi nguvu ya mguu, na kompyuta ndogo ya kuiamuru mota itoe msaada usiozidi nguvu ile ile aliyoitoa mpandaji mpaka mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kisha msaada upungue kidogo kidogo hata uishe kabisa kwenye kilomita 24. Mguu ukisita, mota nayo husita. Kwa ithibati hiyo wenye mamlaka wakakiri kwamba kile ni baiskeli, na kwamba mwenye kuiendesha ni mtu.

Katika habari yote ya chombo hiki sioni jambo lililokuwa na baraka kubwa kuliko sharti hilo, kwani lau sharia ingaliruhusu mota ijiendee yenyewe, wazee wangalipewa kiti cha kukalia tu, na viungo vyao vingaliendelea kulegea. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ukafuata njia hiyo hiyo: mota isiyozidi wati 250, ifanye kazi pale tu pedali zinaponyongwa, na ikome kwenye kilomita 25 kwa saa. Mwaka 2008 Wajapani nao wakalegeza kipimo chao, msaada ukaruhusiwa kufika mara mbili ya nguvu ya mguu katika mwendo wa chini, ikawa faraja kwa wakaao vilimani na kwa wale ambao taabu yao kubwa ni kule kuondoka.

Wako wasemao kwamba mazoezi ya kusaidiwa si mazoezi. Ni kweli kwamba mpandaji wa baiskeli ya umeme, dakika kwa dakika, hutumia nguvu ndogo kuliko mwenziwe wa baiskeli ya kawaida. Walakini moyo wake hufikia kazi ya wastani, ambayo Shirika la Afya Duniani launasihi umma uifanye dakika 150 kwa wiki kwa uchache, naye hwenda mbali zaidi, na kesho yake hutoka tena, maana upepo wa mbele na mlima havimtishi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walitangaza habari za watu wa miaka 50 hadi 83 walionyonga baiskeli mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa wiki nane, baadhi za kawaida na baadhi za umeme. Na hao wa umeme nao walionekana kupata faida katika utendaji wa akili, hata watafiti wakadhani kwamba kule kutoka nje na kuzunguka kuna sehemu yake mbali na jasho. Hata hivyo baiskeli huutua uzito wa mwili juu ya kiti, ikayapumzisha magoti, na kwa sababu hiyo hiyo haiimarishi mifupa kama kutembea. Mzee mwenye busara asiache kutembea.

Uholanzi, ambako wazazi wa miaka ya 1970 walidai njia salama kwa ajili ya watoto wao hata zikajengwa, kizazi kile kile kilichokulia juu ya baiskeli kilikuwa mstari wa mbele kuipokea ya umeme. Ikaja na huzuni yake: mwaka 2017 wapanda baiskeli 206 walikufa barabarani, wakiwapita waliokufa ndani ya magari, ambao walikuwa 201, na sehemu kubwa ya wale wa baiskeli walikuwa watu wa miaka 65 na zaidi. Chombo hiki ni kizito, na mzee aweza kuanguka wakati wa kupanda au kushuka, kabla hajakutana na gari lolote. Ndipo serikali ikaanzisha mpango uitwao Doortrappen, wenye muradi wa kumwezesha mtu kupanda baiskeli kwa salama hata atimize miaka 100. Na miongoni mwa mashauri wapewayo wazee ni kuchagua fremu ya chini, isiyowalazimu kuinua mguu juu, na kushusha kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse ardhi.